Huu ni mwezi wetu wa saba njiani, mke wangu anataka bahari. Tushukie wapi kusini mwa India?

Mnyampaa Njiani

Wakuu, habari za saa hizi.

Naandika kutoka Delhi, mtaa wa Paharganj, chumba cha ghorofa ya tatu chenye feni inayozungusha joto tu. Leo ni tarehe 17 Aprili na nje kunawaka. Mimi na mke wangu tulitoka Singida Oktoba. Tuliuza Noah, tukapangisha nyumba, tukawaaga wazazi ambao mpaka leo wanaamini tumekwenda kutafuta kazi. Tumepita Misri, Uturuki, Georgia tulikoona theluji kwa mara ya kwanza, na sasa India: Jaipur, Agra, Varanasi, tumerudi Delhi.

Tumechoka kupanga na kupangua begi. Nilimuuliza mwenzangu anataka twende wapi, akajibu neno moja: bahari. Kwao ni Kiomboi. Bahari ameiona mara mbili maishani, zote Coco Beach, zote Jumapili, watu wamejaa kama siku ya mnada.

Tuna wiki tatu za kutulia. Naona watu wanataja Goa, Gokarna na Varkala. Bajeti yetu ni rupia 2,000 kwa siku kwa wawili, chumba na chakula ndani yake. Viza inaturuhusu kukaa mpaka katikati ya Juni. Hatujui kuogelea, wote wawili. Treni au ndege? Na je, ni kweli mvua inafunga kila kitu?

Naomba kuwasilisha.

Dogo wa Ng'ambo ya Feri

Mmevuka mabara mawili kutafuta bahari na pantoni ya Kigamboni ipo palepale, nauli hata elfu haifiki? Rudini bwana. Mihogo ya kukaanga ipo, pilipili ipo, ukwaju upo.

Binti Pangani

Mnyampaa mdogo wangu, marahaba kabla hujaamkia, maana nahisi nimekuzidi.

Huyo wa Kigamboni mwache, hana kosa, hajawahi kulala siku mbili kwenye treni.

Mimi na mzee wangu tulikuwa njiani miezi kumi na minne. Yeye alikuwa fundi wa mashine melini miaka ishirini na miwili, mimi nilikuwa na duka la vitenge Tanga, barabara ya kumi na mbili. Watoto walipomaliza shule tukafunga duka tukaondoka. Kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Kwanza mwezi, ufukwe baadaye. Watu huchagua ufukwe kwa picha, na picha zote hupigwa Januari. Wewe unakwenda mwisho wa Aprili. Upepo ule tunaouita kusi ukishavuka mstari wa ikweta hupinda, ukawafikia wao kutoka kusini-magharibi umebeba maji ya bahari nzima. Kerala, jimbo iliko Varkala, ndiyo inayopigwa kwanza. Kwa kawaida mvua hutua karibu na tarehe 1 Juni, ikiwahi au ikichelewa ni siku chache. Nyinyi mnaingia kwenye tangambili yao, majira ya katikati ya pepo mbili: asubuhi shwari, mchana fukuto la kukutoa jasho hata ukikaa, jioni radi za ghafla na mvua ya nusu saa. Kwa wiki tatu inatosha kabisa. Ila tarehe 20 Mei isiwakute mnasema "kesho tutaondoka".

Goa tulikaa siku nne. Sina ugomvi nayo, lakini mnapofika nyinyi vibanda vya ufukweni vinaanza kubomolewa kupisha mvua, na kule bila pikipiki huendi popote. Gokarna ni mji wa mahekalu wenye fukwe nzuri ng'ambo ya vilima, patulivu, nitaisifu. Ila kwa watu waliochoka mimi nasema Varkala.

Varkala si ufukwe wa kuteremka kutoka barabarani. Kuna ukingo wa mwamba mwekundu, udongo ule ule wa barabara za Handeni, umesimama kama ukuta juu ya bahari. Juu yake kuna njia ya miguu na migahawa, chini yake mchanga, na unashuka kwa ngazi. Maji matamu yanachuruzika kutoka kwenye mwamba, wenyeji wanakinga kwenye ndoo. Usiku msitembee ukingoni bila tochi, unamomonyoka.

Sisi tulipanga siku tatu, tukakaa wiki tano. Hatukupanga juu ya mwamba, kule bei ni ya kutazama. Tulikwenda kaskazini, upande wa Odayam, nyuma ya minazi, chumba chenye veranda na jiko la gesi la moto mmoja. Alitaka rupia 1,000. Tulipolipa wiki tatu mkononi akashuka mpaka 700. Mwisho wa Aprili wageni wameshaondoka, utapata hata chini ya hapo.

Na hapa nikuambie kitu ambacho blogu za Wazungu hazikuambii. Kuna nyumba moja tulikuwa tumeshaahidiwa chumba kwa simu, tulipofika na nyuso zetu mwenyewe akasema kimejaa, na funguo nne nazihesabu zinaning'inia ukutani nyuma yake. Sehemu nyingine ni ubaguzi mtupu. Lakini mara nyingine ni woga wa karatasi: kila anayelaza mgeni wa nje anatakiwa apeleke fomu serikalini ndani ya saa ishirini na nne, wanaiita Fomu C, na wenye vyumba viwili vitatu hawajisajili kabisa, wanaona bora wakukatae. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu liwe hilo: "Fomu C mnafanya?" Akisema ndiyo, mwambie mnatoka Tanzania, msikie sauti yake inabadilika au haibadiliki. Mtaokoa nauli ya bajaji.

Treni. Ipo inayoitwa Kerala Express, inatoka hapohapo New Delhi usiku, zaidi ya kilomita 3,000, saa hamsini hivi, na inasimama Varkala. Chukueni daraja la kiyoyozi la vitanda vitatu, shuka na blanketi wanatoa. Aprili na Mei shule zimefungwa, kwa hiyo tiketi za kawaida mtakuta zimekwisha. Kuna tiketi za dharura, Tatkal, zinafunguliwa siku moja kabla ya safari: saa nne asubuhi kwa vitanda vya kiyoyozi, saa tano kwa vile vya kawaida. Zinaisha kama maandazi ya moto. Au nendeni stesheni ya New Delhi kwenye ofisi ya watalii na pasi zenu, kuna nafasi chache za wageni. Kutoka stesheni ya Varkala mpaka ukingoni ni bajaji, kama kilomita tatu.

Ndege ni haraka, lakini zile saa hamsini zitawafaa. Hamna pa kukimbilia, hamna cha kupanga. Na mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Umeandika bajeti, viza, treni, mvua. Mke umemwandikia neno moja. Mnaongea?

Mwana wa Malindi

Dada Binti Pangani kasema kweli kuhusu upepo. Niongeze kidogo kwa sababu hii ni stori ya kwetu.

Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498. Nguzo yake mnaijua, watoto wanaikwea kupigwa picha. Alipewa rubani hapa, mtu anayejua misimu, wakasukumwa na pumzi ya kwanza ya kusi. Tarehe 20 Mei walikuwa wameshatia nanga pwani ya Kozhikode, hukohuko Kerala. Mwezi haukutimia. Kurudi hakusikiliza mtu. Aliondoka kabla kaskazi haijaanza kuvuma, akahangaika baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wakafa kwa ugonjwa wa fizi, na walipofika huku kwetu walikuwa wachache mno hata merikebu tatu hazikuwa na watu wa kuziendesha. Moja wakaichoma moto.

Kwa hiyo Mnyampaa, unakwenda kwa tarehe zilezile. Nenda, lakini usikawie.

La pili ni onyo. Aprili na Mei kule kuna kitu wanakiita *kallakkadal*. Maana yake ni bahari mwizi. Hakuna upepo, hakuna wingu, mnakaa kwenye mchanga mkavu, mara maji yanapanda mpaka kwenye nyumba. Ni mawimbi marefu yaliyozaliwa na dhoruba mbali sana huko kusini ya dunia, yamesafiri siku kadhaa kimyakimya. Serikali yao hutoa tahadhari, magazeti huandika. Siku ya tahadhari mkae juu ya mwamba mnywe chai. Nimefanya kazi Kochi mwaka mmoja, nimeona vyombo vya wavuvi vimetupwa barabarani kama viatu.

Binti Pangani

Mwana wa Malindi umenikuna. Hiyo merikebu waliichoma huku kwetu, upande wa Mtangata, ndiyo Tongoni ya leo. Bibi yangu amezikwa pale.

Mnyampaa Njiani

Shikamoo dada Binti Pangani. Na wewe Mwana wa Malindi, asante sana. Hilo la bahari mwizi sikuwahi kulisikia.

Dada umeniuliza swali nikalala nalo. Hatuongei. Leo siku ya tatu. Tunaongea ya "pisha" na "shika". Nikiri tu kwa sababu hapa hakuna anayenijua: mimi nina daftari la hesabu. Kila kitu naandika, maji, choo cha stesheni, kila kitu. Varanasi alinunua embe mbili, nikamuuliza bei. Akanitajia. Nikasema tungepata kwa nusu. Akaniwekea embe zote mbili mkononi akaondoka, nikamtafuta kando ya mto saa nzima. Tangu siku hiyo.

Miezi saba hatujaachana hata nusu siku. Nyumbani mimi nilikuwa natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja usiku. Sasa nagundua nilikuwa simjui mtu anayeitwa mke wangu wa saa nane mchana.

Naomba uniambie mliishije hizo wiki tano. Na hili la kutokujua kuogelea, tusije tukafa kwa ajili ya kupatana.

Binti Pangani

Marahaba. Embe! Haya.

Sisi tuligombana kwa ajili ya bahari yenyewe. Mimi nilikuwa naitaka, mzee wangu hataki hata kuinusa. "Nimeiangalia miaka ishirini na miwili," akasema, "na mara nyingi niliisikia tu, maana mashine ziko chini." Yeye alitaka milima. Tukafika Varkala amenuna, akaweka kiti chake verandani kikitazama ukuta. Siku mbili nzima, mtu mzima, anatazama ukuta.

Siku ya tatu nilimwambia: kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri sikujui, hunijui. Usiniulize nilikokwenda na mimi sikuulizi. Adhuhuri tukutane tule. Nikagawa pesa: kila mtu rupia 300 zake za asubuhi, haziandikwi, haziulizwi, ukitaka zitupe baharini. Huo ndio ushauri wangu wote, mengine ni mapambo. Mpe mkeo rupia zake na ulifunge hilo daftari mpaka saa saba mchana.

Yeye akaishia wapi? Wavuvi wa pale hupandisha vyombo vyao mchangani, wana mashine za nje kama za kwetu. Asubuhi moja akasikia mashine inakohoa. Baharia akisikia mashine inakohoa hawezi kukaa. Akateremka, akaomba spana kwa mikono, hana Kimalayalam hata neno moja, wao hawana Kiswahili, wakaelewana kwa plagi na grisi. Tangu siku hiyo kila alfajiri nasikia mlango. Adhuhuri anarudi na dagaa wawili watatu wakubwa kwenye jani la mgomba, malipo yake, mikono inanuka mafuta na uso umeng'aa. Kijana mmoja wa mgahawani aliyetoka Malappuram akawa anamwita "Sudani". Nikataka kukasirika, akanieleza: kwao huko kaskazini mwa jimbo wanapenda mpira kupita kiasi, wana ligi za watu saba saba, na vilabu vinaleta wachezaji kutoka Nigeria, Ghana na kwingineko Afrika, na kila mmoja wao, atoke wapi, kwao ni Sudani. Ni jina la kupenda. Mzee wangu ana miaka hamsini na saba na kitambi. Akapewa namba ya golikipa.

Mimi asubuhi zangu nilitembea. Upande wa kusini wa ufukwe unaitwa Papanasam, maana yake panapoharibu dhambi. Wahindu wanakuja pale kuwafanyia ibada wazee wao waliokufa. Utawakuta makuhani wamekaa chini ya miavuli mchangani, mbele yao majani ya mgomba, madonge ya wali, ufuta. Mtu anakaa, anataja jina la baba au mama, anaambiwa la kufanya, halafu anabeba lile jani kichwani anaingia nalo baharini, kaipa bahari mgongo, anazama, anatoka. Dakika chache tu. Niliona mwanamume amevaa saa ya bei mbaya analia kama mtoto, halafu anafuta uso, anachukua viatu, anaendesha gari lake. Mimi dini yangu ni nyingine. Lakini nilimzika baba yangu haraka, nikarudi dukani siku ya nne, na pale mchangani ndipo nilipokaa nikamkumbuka kwa kituo. Sikupiga picha. Nawe usipige, na mwambie mkeo upande huo msikae kuota jua. Wageni upande wa kaskazini, wafiwa upande wa kusini, hakuna kibao lakini kila mtu anajua.

Sasa maji. Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili. Kwetu bamvua likitoka unatembea mpaka mwambani, unaokota, unarudi, maji yanapanda na kushuka mita tatu, nne. Kule hakuna hivyo. Maji kupwa na kujaa hayafiki hata mita moja, kwa hiyo ufukwe ni uleule mchana kutwa, na hakuna mwamba mbele wa kuvunja mawimbi. Wimbi linakuja zima kutoka bahari kuu. Kingo inashuka ghafla: hapa magotini, hatua mbili, kifuani. Na kuna mikondo inayovuta kwenda nje. Mzee wangu alinionyesha kuitambua: tazama mahali ambapo mawimbi hayavunjiki, maji yametulia, pengine yamechafuka kwa mchanga. Mgeni anaona pale ndipo salama. Pale ndipo mlango wa kutokea. Ukivutwa usishindane nao, elea, piga mkono, nenda sambamba na ufukwe mpaka utoke.

Kwa nyinyi msiojua kuogelea: magotini, basi. Mbele ya waokoaji, wana bendera na vipenga, na wanapuliza kweli, hawana aibu na mtu mzima. Mkitaka kukaa ndani ya maji kwa raha kateremkeni Kappil, kaskazini kidogo, mahali ziwa na bahari vimetenganishwa na ukanda wa mchanga na barabara. Upande wa ziwa maji yamelala. Mkeo atakaa humo mpaka vidole vikunjamane.

Avae kanga. Wanawake wa kule wanaingia baharini na nguo zao zote, na kanga ya mwili mzima hakuna atakayemshangaa kuliko watakavyomshangaa tayari. Wataomba selfi. Wengine kwa heshima, wengine wanapiga tu. Kataa kwa uso mkavu, inatosha.

Chakula kitakutoa machozi, na wewe hata si wa pwani. Muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki! Wanauita *kappa*, na samaki wake mwekundu, mchachu kwa tunda moja kavu jeusi lenye harufu ya moshi. *Appam* ni vibibi wenye ukingo mkavu. Chai ya rangi yenye iliki na limau inaitwa *sulaimani*. Tembo la mnazi wanauza kwenye vibanda vyake maalumu, wanaliita *kallu*, mimi situmii, nimesimuliwa na anayetumia. Nyama ya ng'ombe ipo na inaliwa hadharani, tofauti na huko Delhi mlipo. Tulikuwa tunakula kwenye vihoteli vya karibu na stesheni, si juu ya mwamba, na rupia 2,000 zenu zitabaki. Ila mwende na noti. Kila mtu kule anaskani kwa simu, hata muuza madafu, na sisi wageni simu zetu zilikuwa hazikubaliki.

Jioni ndiyo mtarudi kuwa wawili. Sisi wa pwani ya mashariki tumezoea jua linatoka baharini. Kule linazama baharini. Wiki ya kwanza liliniudhi, naona kama mtu kalipindua. Mzee wangu akasema, "Si linakwenda kwetu." Kiti chake tayari kilikuwa kimegeuka.

Bin Unguja, Muscat

Assalaam aleikum. Mie natia neno la kupinga kidogo, msinichukie.

Nyote mnaiogopa hiyo mvua. Mie na mke wangu twenda Kerala Julai makusudi. Katikati ya Julai mpaka katikati ya Agosti ni mwezi wao wa Karkidakam, na kwao ndio mwezi wa kujitibu: mafuta ya moto, kukandwa, uji wa dawa. Wasema mwili hufunguka mvua ikinyesha. Magoti ya mke wangu ni shahidi. Baharini huingii, hilo kweli, na samaki ni ghali kwa kuwa meli za kukokota nyavu hufungiwa siku 52, tangu usiku wa tarehe 9 Juni mpaka mwisho wa Julai, samaki wazae. Lakini kulala kwenye veranda ukisikiza mvua ya minazi, bila mtalii hata mmoja, hakuna mfanowe.

Na upepo huohuo ukija kwetu huku Salalah hugeuza majabali yakawa kijani, Juni mwishoni mpaka Septemba. Twauita *khareef*. Watu watoka Dubai na Riyadh kuja kuona ukungu. Bahari ya huko miezi hiyo ni ya kutazama tu, yanguruma. Bwana Mnyampaa mkija upande huu, Waswahili tumejaa, hamtakosa pa kula.

Binti Pangani

Bin Unguja, magoti ya mkeo salamu. Lakini huyu kijana viza yake inakwisha katikati ya Juni na mkewe anataka kutia miguu majini. Mafuta ya moto atayapaka akifika umri wetu.

Mnyampaa Njiani

Wakuu, mrejesho, maana watu wakishasaidiwa humu hupotea.

Leo ni tarehe 2 Mei. Tumefika Varkala siku tano zilizopita. Tatkal ilitushinda asubuhi mbili, ya tatu tukapata vitanda viwili vya juu kabisa, vinatazamana. Saa hamsini zikawa hamsini na tatu. Siku ya kwanza kimya. Ya pili baada ya Nagpur alipita mtu anauza embe. Nikateremka nikanunua nne, sikuuliza bei mpaka nilipokwishalipa. Nilimpa zote. Akanirudishia moja.

Chumba tumepata rupia 600, Fomu C imefanywa, mwenyewe alituuliza kama Tanzania ndiko kwenye Kilimanjaro, tukasema ndiyo, akatuonyesha chumba. Juzi kulikuwa na tahadhari ya bahari mwizi, tulikaa juu tukaona maji yanafika mpaka kwenye ngazi. Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Mwana wa Malindi, Mungu akubariki.

Rupia zake za asubuhi namuwekea mezani usiku. Sijui anakwenda wapi. Jana alirudi na samaki na muhogo, ina maana kuna mtu kamfundisha kununua, na jana jioni alicheka kwa ajili ya kitu nilichosema, kitu ambacho hata hakikuwa cha kuchekesha. Sasa hivi yuko chini, nimemwona kutoka hapa juu, ana kanga, maji magotini. Mwokoaji kapuliza kipenga mara mbili, mara zote mbili kwa ajili yake.

Dada, anauliza: huu muhogo wao wanachemsha na nini mpaka unakuwa wa njano? Wa kwake umetoka mweupe.

Binti Pangani

Manjano. Achemshe kwanza amwage maji, halafu asage nazi na pilipili mbichi, kitunguu saumu na manjano, atie, afunike, akishaona mvuke auponde kidogo kwa mwiko. Mwishoni yale majani ya mchuzi wanayotia kila kitu. Mwambie dada yake wa Pangani kasema asiupondeponde sana, si ugali.